Wiski ya mchanganyiko ya Ayalandi: kuionja na kuipima bila kubahatisha

Majina yanayojulikana zaidi ya wiski ya Ayalandi, kama Jameson, Tullamore D.E.W., Bushmills Original, Powers Gold Label na Paddy, yote ni ya wiski za mchanganyiko. Wanywaji wengi huzipima kwa swali moja tu: inaunguza koo au haiunguzi? Swali hilo halifiki mbali. Wiski iliyochanganywa vibaya inaweza kuteleza kooni bila taabu na bado ikawa tupu katikati ya ulimi, ilhali iliyochanganywa kwa ufundi inaweza kuuma kidogo mwanzoni kisha ikafunguka na kukaa. Anayetaka kuitendea haki inampasa kujua kwanza ni nini kimechanganywa na nini, maana kila sehemu ina kazi yake, na kupima ni kuangalia kama kazi hiyo imefanyika.

Kilichomo ndani ya chupa

Sheria ya Ayalandi ya mwaka 1980, pamoja na kanuni zilizofafanuliwa kwa kina mwaka 2014, inataka wiski ikenekwe na ikomazwe ndani ya kisiwa cha Ayalandi, Jamhuri na Ayalandi ya Kaskazini kwa pamoja. Ikae pipani si chini ya miaka 3, katika mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700, na iingie chupani ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli iitwayo E150a. Aina ni nne: wiski ya kimea, wiski ya chungu, wiski ya nafaka, na ya mchanganyiko, ambayo hupatikana kwa kuunganisha mbili au zote kati ya hizo tatu.

Wiski ya kimea hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa peke yake na kukenekwa katika vyungu vya shaba. Huleta tufaha, peasi, asali na biskuti. Wiski ya chungu nayo hukenekwa vyunguni, ila rojo lake lazima liwe na angalau asilimia 30 ya kimea na angalau asilimia 30 ya shayiri mbichi, ile isiyooteshwa. Desturi ya kutumia shayiri mbichi huhusishwa na kodi ya kimea ya mwaka 1785: kimea kilitozwa kodi, shayiri mbichi haikutozwa. Kodi ilipita, ladha ikabaki. Shayiri mbichi huipa wiski unono wa mafuta unaoupaka ulimi, pamoja na tangawizi, pilipili manga, mafuta ya kitani na ganda la tufaha la kijani. Unono huo ndio alama kubwa ya Ayalandi, na ndio wa kuutafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Wiski ya nafaka kwa kawaida hutokana na mahindi pamoja na kimea kidogo, ikipitishwa kwenye mtambo wa minara unaofanya kazi mfululizo. Huweza kutoka ikiwa na alkoholi nyingi, mradi tu iwe chini ya asilimia 94.8. Ni nyepesi na tamu, ina harufu ya maua na mahindi mabichi, na hupokea upesi vanila na nazi zilizomo katika mbao za pipa.

Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi, na dharau hiyo ina historia. Mtambo wa minara ulipewa hataza mwaka 1830 kwa jina la Aeneas Coffey, Mwayalandi aliyekuwa afisa wa ushuru. Wakenekaji wakubwa wa Dublin waliukataa. Mwaka 1879 nyumba nne, yaani John Jameson, William Jameson, John Power na George Roe, zilichapisha kitabu kizima cha kuupinga. Uskoti uliupokea. Tume ya kifalme iliyokaa mwaka 1908 na 1909 ikaamua kwamba kinachotoka katika mtambo huo nacho kina haki ya kuitwa wiski. Kwa maoni yetu lawama imewekwa mahali pasipo pake. Wiski ya nafaka iliyolala katika pipa zuri ndiyo inayowapa wenzake nafasi ya kusikika. Utamu wa majimaji wenye ukali wa spiriti hutoka kwa nafaka changa iliyotiwa katika pipa lililochoka, kisha ikawekwa nyingi kupita kiasi. Kosa liko kwenye pipa na kwenye uwiano. Mahindi hayana hatia.

Pipa lenyewe huchangia kiasi kikubwa cha kinachonuswa. Pipa la mwaloni wa Marekani lililokwisha kutunza bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, la lita 200 hivi, hutoa vanila na zile laktoni zinazonukia tui la nazi. Pipa la oloroso, aina ya sheri (mvinyo mkali wa Hispania), ambalo mara nyingi ni la lita 500 hivi, hutoa zabibu kavu, tende, jozi na chokoleti chungu. Eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake, imo pia katika mbao za mwaloni zilizochomwa. Kwa hiyo anayenusa karafuu ndani ya glasi hajajidanganya.

Kuna imani tatu za kuziweka kando mapema. Kukeneka mara tatu si sharti la kisheria. Kilbeggan, kwa mfano, hukenekwa mara mbili. Kukosa moshi si sharti pia, ingawa chupa nyingi za mchanganyiko hutumia shayiri iliyokaushwa bila moshi wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni. Na umri ulioandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Wastani hauhesabiki, na wiski kongwe haihesabiki.

Kabla ya kumimina

Joto la chumba linalofaa ni nyuzi 18 hadi 20. Mchana wa Mombasa au Dar es Salaam hufika 30 na kuzidi, na katika joto hilo alkoholi huruka kwa kasi na kuizidi pua nguvu. Weka chupa jokofuni mpaka kioo chake kiwe na ubaridi kidogo mkononi, kisha itoe. Barafu usitumie wakati wa kupima, kwa sababu baridi hufunga harufu na kuufanya ulimi ufe ganzi kidogo. Kunywa na barafu siku nyingine ni hiari ya mtu.

Chumba kisiwe na harufu ya chakula, sigara wala marashi. Nyumba iliyofukizwa udi asubuhi haifai kwa kazi hii jioni, kwani harufu hukaa kwenye mapazia na nguo. Acha kahawa, pilipili na dawa ya meno kwa saa moja kabla.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, kama Glencairn iliyotoka mwaka 2001, au glasi ndogo ya mvinyo. Bilauri iliyonyooka hutawanya harufu kabla haijafika puani. Ioshe kwa maji ya moto, isuuze mpaka sabuni iishe, na iache ikauke yenyewe. Kitambaa cha jikoni huacha harufu ya vitunguu, na glasi iliyopinduliwa juu ya rafu ya mbao hubeba harufu ya kabati. Makosa haya mawili huharibu matokeo kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi wiski ndiyo hulaumiwa.

Mimina mililita 25, funika kwa kisahani kwa dakika 5. Rangi iangalie kama unapenda, ila usiipe alama: karameli inaruhusiwa, na wiski nyeusi inaweza kuwa changa. Michirizi inayoshuka ukutani mwa glasi huonyesha zaidi kiasi cha alkoholi.

Pua

Usiizungushe glasi kwa nguvu kama ya mvinyo. Unaamsha alkoholi na kuzima vilivyobaki. Ilaze, igeuze taratibu mara moja ili ukuta ulowe. Anza na glasi chini ya kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, uvute hewa kwa pua na mdomo pamoja. Kisha ipandishe hadi ukingo wake uguse mdomo wa juu. Vuta kidogo mara mbili au tatu, pumzika nusu dakika, rudia. Anayevuta kwa pumzi ndefu hulewesha pua yake, na kinachofuata chote kitanukia spiriti. Pua ikichoka, nusa ngozi ya mkono wako mwenyewe au toka nje.

Tafuta kwa mpangilio: matunda, kisha nafaka, kisha viungo, kisha mbao, mwisho mafuta. Andika neno la kwanza linalokuja, tena kwa majina ya vitu unavyovijua. Ndizi mbivu hutoka kwenye esta, kemikali zenye harufu ya matunda, zinazozalishwa na hamira wakati wa uchachushaji, na wasomaji wetu wanaijua ndizi katika hatua zake zote, kuanzia mbichi hadi iliyopiga madoa meusi. Tofauti ya hatua hizo ina maana kwenye glasi. Anayeijua halua ya Zanzibar asiandike tofi kwa sababu tu lebo imeandika tofi.

Katika mchanganyiko mzuri harufu hubadilika unapokaa nayo: vanila kwanza, tunda baadaye, viungo vikifuata. Ikiwa baada ya dakika 10 bado unapata vanila tupu, pipa linasema peke yake na waliomo ndani yake wamenyamaza. Hiyo ni dosari, hata kama harufu ni ya kupendeza.

Mdomo

Tone la kwanza, mililita 2 au 3, ni la kuuandaa mdomo. Lizungushe, limeze au liteme, na usiandike kitu. Alkoholi huamsha vipokezi vilevile vya joto vinavyoamshwa na pilipili, na mshtuko huo wa kwanza unaficha ladha.

Tone la pili liwe mililita 5, kijiko kimoja cha chai, na likae mdomoni sekunde 10 hadi 15. Sekunde tatu za mwanzo ni za utamu wa nafaka na vanila ya pipa. Kuanzia ya nne hadi ya nane hivi ndipo wiski ya chungu au ya kimea inapotakiwa kujitokeza: unono unaokaa juu ya ulimi, tunda, tangawizi. Baada ya hapo mbao huingia na ukavu wake.

Katikati hapo ndipo penye hukumu. Mchanganyiko dhaifu huanza kwa utamu, kisha ukakatika, kisha ukaishia kwenye uchungu wa mbao, na kati ya ncha hizo mbili hakuna kitu. Sababu ya kawaida ni uhaba wa wiski ya vyunguni. Nyingine ni kuchujwa kwa baridi: wiski hupozwa na kupitishwa kwenye chujio ili kuondoa esta za asidi za mafuta zinazoifanya iwe na ukungu ikipata baridi au maji. Ukungu huo hutokea zaidi chini ya asilimia 46. Wiski hubaki ang'avu, lakini sehemu ya unono huondoka nao. Teeling Small Batch hutiwa chupani kwa asilimia 46 bila kuchujwa hivyo, na tofauti ya uzito mdomoni inasikika hata kwa anayeanza.

Ukishameza au kutema, funga mdomo na toa pumzi kwa pua. Harufu inayopanda kutoka kooni mara nyingi hufichua kitu ambacho pua ya mbele haikukipata. Hesabu: chini ya sekunde 10 ni mwisho mfupi, 10 hadi 30 ni wa wastani, zaidi ya 30 ni mrefu. Lakini urefu peke yake si sifa. Uchungu wa chai iliyochemka kupita kiasi nao hudumu, na hutokana na tanini za pipa lililokaa na wiski muda mrefu mno.

Maji

Rudia yote kwa maji. Tumia bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, ili ujue ulichoweka. Katika mililita 25 za wiski ya asilimia 40, mililita 8 za maji huishusha hadi karibu asilimia 30, na mililita 25 huishusha hadi 20. Wachanganyaji wa viwandani hunusa sampuli zao kwenye kiwango cha karibu 20, kwa sababu alkoholi imepungua na hakuna kinachojificha. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezwa, molekuli za guayakoli, zenye harufu ya moshi na viungo, husogea karibu na uso wa kinywaji, mahali pua inapozifikia.

Maji yenyewe yasiwe na klorini wala chumvi. Ya kisima cha pwani hayafai hata kidogo. Wiski iliyojengwa vizuri ikipata maji hufunguka na kutoa tunda zaidi. Iliyojengwa vibaya hupasuka: utamu upande mmoja, spiriti upande mwingine, vikiwa havijuani.

Kasoro na zinakotoka

Harufu kali ya gundi au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni esta ya asetati. Ikiwa kidogo hung'arisha tunda, ikiwa nyingi mkenekaji hakuondoa vya kutosha kichwa cha mkeneko, yaani sehemu ya mwanzo. Karatasi iliyolowa, jasho na ngozi mbichi huja na mkia, yaani sehemu ya mwisho ambayo ilipaswa kukatwa mapema. Njiti ya kiberiti na mpira ulioungua ni salfa, mara nyingi kutoka kwenye mapipa ya sheri yaliyofukizwa salfa ili yasioze, au kutokana na mvuke kugusana kidogo mno na shaba. Siagi iliyochacha yenye harufu ya matapishi ni asidi ya butiri, alama ya bakteria kwenye uchachushaji. Gunia lenye ukungu mara nyingi ni la kizibo, na chupa nyingine ya wiski hiyohiyo inaweza kuwa safi kabisa.

Chupa iliyobaki robo huzeeka vibaya kwa sababu ya hewa iliyoingia: tunda huenda kwanza, kisha katikati hupungua. Ihifadhi ikiwa imesimama, mbali na jua. Tofauti na mvinyo, wiski ikilazwa alkoholi hula kizibo. Kwa upande mwingine, chupa iliyofunguliwa leo inaweza kuwa kali na kutulia baada ya wiki moja, kwa hiyo usiifungie hukumu siku ya kwanza.

Jambo moja haliwezi kuonjwa: usalama. Pombe kali za bandia zipo katika masoko yetu, na methanoli haitofautiki kwa ulimi na alkoholi ya kawaida. Angalia stempu ya ushuru, mfuniko na lebo kabla ya kufungua, na ukiwa na shaka usionje hata tone.

Kupanga chupa na kutoa alama

Njia ya haraka ya kujifunza ni kuweka pamoja chupa zenye miundo tofauti. Bushmills Original ni kimea na nafaka, bila chungu. Jameson, inayotengenezwa Midleton katika kaunti ya Cork tangu 1975, ni chungu na nafaka. Weka hizi mbili jirani, nawe utashika kwa ulimi tofauti ya kimea na shayiri mbichi kuliko maelezo yoyote yanavyoweza kukupa. Tullamore D.E.W. ina zote tatu. Powers Gold Label ina uzito zaidi wa chungu na alkoholi asilimia 43.2. Black Bush ina kimea kingi kilichokaa katika mapipa ya oloroso. Writers' Tears ni chungu na kimea, haina nafaka kabisa, na ndiyo inayoonyesha kwa kukosekana kwake kile ambacho nafaka hufanya.

Usipange zaidi ya nne kwa kikao. Glasi nne za mililita 25 kwa asilimia 40 ni mililita 40 za alkoholi tupu, sawa na mililita 800 za bia ya asilimia 5; ndiyo maana wanaopima kwa dhati hutema, na hawaendeshi gari baadaye. Nyepesi itangulie, ya sheri na yenye alkoholi zaidi ifuate.

Kwa alama 20, mgawanyo tunaoupendelea ni harufu 6, mdomo 8, mwisho 3 na upatano 3. Mdomo unapewa nyingi kwa sababu harufu nzuri inaweza kununuliwa kwa pipa jipya, lakini katikati ya ulimi haidanganyiki kirahisi. Upatano ni swali hili: je, baada ya maji na dakika 20, bado ni kinywaji kimoja? Bei iandikwe pembeni na isiguse alama. Itumike mwishoni kuamua kama chupa inastahili kununuliwa tena.

Mwenzako amimine nawe usione, glasi zikiwa na namba tu. Ukidai kwamba chupa mbili zinatofautiana, jipime kwa glasi tatu: mbili za wiski moja, ya tatu ya nyingine, nawe uitaje iliyo tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja katika tatu. Akipatia mara tatu mfululizo, uwezekano kwamba amebahatisha ni 1 katika 27, na maelezo yake yana uzito. Asipopatia, chupa hizo mbili zipewe alama sawa.